Devota na Misalaba ya Watoto

Ufunguo wa kanisa la kijijini kwetu, upande wa Madaba, ulikaa shingoni mwa dada yangu Devota, kwenye kamba ya katani, ndani ya blauzi, mahali ambapo wanawake wengine huvaa rozari. Rozari yake aliiweka mfukoni. Alikuwa akisema rozari ikipotea ataazima ya jirani, lakini ufunguo ukipotea kigango kizima kitasali juani.

Devota ni mkubwa wangu. Mama yetu aliponizaa mimi alibaki mgonjwa, Devota akatolewa shule darasa la nne ili anibebe. Mimi nikasoma mpaka la saba. Hilo hakuwahi kunitajia, hata siku tulizogombana. Aliolewa na Pankrasi, mpasua mbao, wakakaa muda mrefu bila mtoto, na wifi zake walikuwa wakimwuliza mbele za watu kama huko kwao alikula chumvi gani. Kisha akampata Erasmus. Pankrasi alikwenda Mbinga kutafuta kazi kwenye kahawa. Mwanzoni alirudi kila baada ya mavuno, baadaye hakurudi, tukasikia ana mji mwingine huko. Erasmus alikuwa hajaanza shule homa ilipompanda. Devota alimbeba mgongoni mpaka barabara kubwa kusubiri usafiri wa hospitali, na lori liliposimama dereva alimchungulia mtoto akasema, "Mama, mimi sibebi maiti." Hivyo ndivyo Devota alivyojua.

Kigangoni kwetu kuna desturi ambayo mjini sijaiona. Mtoto mdogo aliyebatizwa akifa, hapelekwi makaburini mlimani pamoja na wakubwa. Anazikwa mbele ya kanisa, chini ya ngazi, ili watu wakitoka kusali wampitie. Wazee walisema watoto wanaogopa kukaa mbali na sauti za mama zao. Basi pale palikuwa na safu ya vituta vidogo, kila kimoja na msalaba wa mbao usiofika magotini. Majina yaliandikwa kwa rangi, mvua ikayafuta, lakini kila mama aliujua wa kwake, kwa msumari wake au kwa namna ulivyoinama. Wa Erasmus ulikuwa na mkono mmoja mfupi. Pankrasi, aliyerudi kwa mazishi tu, aliukata vibaya. Watu walisema alikuwa amelewa, Devota akasema alikuwa analia.

Baada ya mazishi hayo ndipo aliposhika ufunguo. Hakuna aliyempa kazi. Alianza kufagia vituta, akaendelea na ngazi, kisha sakafu, na mwisho akawa yeye ndiye anayegonga ringi ya lori inayoning'inia kwenye mti, ambayo ndiyo kengele yetu. Paroko huja kwetu kwa nadra, Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada, lakini ringi haikukosa kulia kwa wakati hata siku moja.

Mimi wakati huo nilikuwa mjane, nimehamia Songea mjini, Mfaranyaki, nakaanga maandazi. Binti yangu Edna nilimwacha kwa Devota tangu alipoacha ziwa mpaka alipofika umri wa shule. Siku ya kumchukua alinishika kwa kucha usoni, akimlilia Devota, "Mama! Mama!" Devota alijifungia ndani ya kanisa ili asisikie. Nasema haya ili ijulikane Edna alikuwa nani kwake.

Edna amesoma, sasa ni mhasibu, na mwaka huu alichumbiwa na Ramson. Wazazi wa Ramson si wa huku. Baba yake ni mtumishi aliyehamishiwa Songea, na mama yake, Judica, ni mwanamke mnene mwenye sauti laini ambayo haijawahi kuomba kitu mara mbili. Wote Wakatoliki, mahari ikapokelewa vizuri, nikamshukuru Mungu. Nilidhani wasiwasi wangu umekwisha. Kumbe ndoa ilikuwa bado inatafuta kanisa.

Edna hakutaka kanisa kubwa. Alisema ndani ya kanisa kubwa watu wanaonekana kama mchele uliomwagika. Alitaka dogo, zuri, la matofali mekundu, lenye miti, kama anayoyaona kwenye simu. Tukazunguka na gari la Ramson. La kwanza lilikuwa kando ya barabara, malori yangemeza kiapo. La pili lilikuwa na mabati ya bluu, na rangi ya harusi ilikuwa zambarau. La tatu waumini walikuwa wamelitia vigae vipya kwa michango yao, Judica akaingia, akatazama ukuta, akauliza, "Bomba la maji ya moto liko wapi?" Edna alicheka mpaka akashika ubavu. Katekista wa pale alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

Tulipokuwa tunarudi Edna akasema, "Mama, kale ka kwa Mama Mkubwa bado kapo?"

Nikasema kapo, ila njia ni ya vumbi, na choo ni cha shimo. Nilisema kila kibaya nilichoweza kukumbuka. Sikujua naogopa nini.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda. Devota alikuwa ametusubiri tangu asubuhi, kavaa gauni la Pasaka, kichwani kitambaa cheupe. Akapiga vigelegele peke yake barabarani, akamkumbatia Edna mpaka unga wa mikononi mwake ukabaki mgongoni kwenye koti. Edna akajifuta kwa kujipindapinda.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Hawa wanaokuoa wanakulisha?"

"Tunamlisha," Judica akasema. "Ila sisi hatuli ugali asubuhi."

Lazima niseme ukweli, kanisa lilikuwa zuri. Matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri, madirisha membamba, maua mekundu pande zote za ngazi, na sakafu ya saruji ambayo Devota aliisugua kwa majani mpaka ikang'aa kama maji. Edna akatoa simu akaanza kupiga picha, na mimi nilimwangalia anavyopiga. Kila mara aliinua simu kidogo juu. Picha zote zilianzia kwenye ngazi na kupanda. Vituta vya chini havikuingia hata kwenye moja.

Judica ndiye aliyevitaja. "Na hivi vijiti? Mnapanda nyanya?"

"Ni watoto, mama," Devota akasema.

"Watoto gani?"

"Wetu. Wametangulia. Huyu hapa wa mkono mfupi ni wangu."

Judica akafanya ishara ya msalaba haraka haraka kama mtu anayefukuza inzi. "Bibi harusi hawezi kushuka ngazi akakanyaga kilio. Huo ni mkosi. Kanisa nimelipenda, lakini hii bustani hapana."

Garini nilimwambia Edna, "Pale yupo kaka yako."

"Mama, mimi hata sikumwona."

"Mimi nilimwona."

"Basi sawa," akasema, akaendelea kuangalia picha zake.

Edna hakurudi kijijini na Judica. Alikwenda peke yake na mimi, na kitenge kipya, na mkate wa siagi. Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo ya Devota, na suruali yake ya mjini, akamwita mama. Si Mama Mkubwa. Mama. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ile ya kucha usoni mwangu.

"Mama, ni siku moja tu. Misalaba itatolewa Ijumaa, Jumapili inarudi. Hakuna kitakachopotea."

Devota alimtazama mikono, akatazama nywele. Nilijua ameshindwa kabla hajafungua mdomo.

"Nitaitoa mwenyewe," akasema. "Isiguswe na mtu mwingine."

"Asante, mama."

"Hebu sema tena."

"Asante, mama." Edna akacheka, akasimama, akapangusa magoti.

Mwenyekiti wa kigango, Romanus, alikubali kwa sababu wakwe wa Edna waliahidi kupaka kanisa rangi. Paroko aliombwa kanisa. Makaburi hakuombwa, na hakuna aliyeona haja ya kumsumbua. Kazi ya kuwaomba akina mama ilibaki kwa Devota, naye alikwenda nyumba hadi nyumba, na wote walikubali kwa sababu ni yeye. Aliyemsumbua ni Adela, mdogo kuliko wengine, ambaye mtoto wake alizikwa mwishoni mwa safu mvua zilizopita.

"Wa kwangu udongo bado haujashikana, dada Devota," Adela alisema. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kinu. "Mimi usiku bado naamka kumnyonyesha."

"Nitaung'oa kwa mkono huu na kuurudisha kwa mkono huu."

"Ukipotea?"

"Ukipotea utanidai mimi."

Adela akasema, "Sawa. Nitakudai wewe."

Ijumaa ile nilikwenda mapema kumsaidia Devota. Alichonga vijiti vya mwanzi. Kila mama alimpa kipande cha kanga au kitenge chake, Devota akafunga kila kipande kwenye kijiti, na kila alipong'oa msalaba alichomeka kijiti cha mama wa mtoto. Misumari ilikuwa imeoza kwa kutu, kwa hiyo misalaba mingi iliachana mikononi mwake, nguzo huku na mkono huku. Aliilaza nyuma ya kanisa, kando ya ukuta, kwa mpangilio uleule wa safu, kila mkono juu ya nguzo yake. Wa Erasmus aliulaza wa mwisho, akakaa nao kidogo. Ukitazama kutoka barabarani sasa uliona uwanja wenye vijiti vya rangi rangi, kama watoto wenyewe wametoka kucheza. Tulilala tukiwa na amani.

Vijana wa mapambo walifika alfajiri na lori kutoka mjini. Devota alikuwa sakristia ananyoosha kitambaa cha altare kwa pasi ya mkaa, mimi nikisimamia maji ya kuoga ya Edna, aliyelala kwa Devota. Tulipokutana mbele ya kanisa, vijiti havikuwepo. Vituta havikuwepo. Walikuwa wameparua kwa majembe mpaka ardhi ikalala sawasawa, na walikuwa wanatandika kapeti la kijani la plastiki, lile linalofanana na majani ukiwa mbali.

"Vijiti vyangu viko wapi?" Devota akauliza.

"Vijiti gani, bibi?"

"Vya mianzi. Vyenye vitambaa."

Kijana akafikiri. "Aah, vile! Tulidhani ni vya watu wa hema walipopimia. Tumevitupa bondeni. Bibi, tumekusafishia, toa hata soda."

Nilimshika Devota mkono. Akasema, "Misalaba ipo. Imepangwa. Nitaanza na wa Adela mwishoni, nitahesabu nikirudi huku. Usimwambie mtoto, leo siku yake." Akarudi kunyoosha kitambaa.

Kengele haikugongwa. Judica alisema ringi inalia kama shule ya msingi watoto wanapoitwa uji, wakaweka sauti ya kengele ya Ulaya kwenye spika. Magari yalijaa mpaka kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Kanisa ni dogo, ndiyo sababu lilichaguliwa, na wageni wa mjini walilijaza. Mlangoni alisimama mwanamume wa kamati, ana beji kifuani. Devota alikuja amevaa kitenge alichopewa.

"Bibi, wenyeji wanakaa nje, kuna viti chini ya hema."

"Mimi ndiye niliyefungua."

"Tunashukuru kwa kufungua," akasema, akampisha mgeni aliyekuwa nyuma yake.

Nilikuwa benchi la mbele, nikageuka, nikataka kuinuka. Judica akanishika goti. "Mama Edna, tulia, kamera inakuona." Nikatulia. Misa nzima niliona uso wa Devota dirishani, kwenye uwazi mwembamba uliotosha jicho moja na nusu ya mdomo. Walipoapa, nusu hiyo ya mdomo ilitabasamu.

Walipotoka, mpiga picha alikuwa amelala kifudifudi kwenye kapeti. Edna alishuka ngazi, Ramson amemshika kiuno, vigelegele kila upande. Hatua chache mbele kisigino cha kiatu chake kikazama. Kikatoboa kapeti kikaingia ardhini chote. Edna akayumba, akapiga ukelele, akacheka, kichwa nyuma, mkono hewani.

"Hapo hapo!" mpiga picha akapaza sauti. "Usikitoe! Cheka tena!"

Akacheka tena.

Niliwatafuta akina mama kwa macho. Walikuwa wamesimama nyuma ya kamba. Adela hakuwa anapiga vigelegele.

Chakula kilichelewa. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kwetu harusi hupikwa na wanawake wa kigango, na walikuwa wamejipanga, mawe ya mafiga wameyasogeza. Judica alikataa. Alisema wageni wake wana matumbo ya kawaida. Wakaletwa wapishi wa kukodi kutoka mjini, na wanawake wetu wakaambiwa wakae wapumzike, leo ni wageni. Wangepika wao, wangejua wanachokishika. Hao wapishi walikuta kuni hazitoshi, na zilizopo mbichi, moshi unafuka bila moto, na mshereheshaji anawasukuma watoe pilau. Nyuma ya kanisa, kando ya ukuta, kulikuwa na mbao kavu.

Nilikuwa nimeshakula nusu ya sahani. Pilau ilikuwa nzuri, nakumbuka. Devota akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Asumpta, njoo."

Hakuinua sauti. Nikamfuata. Jikoni mafiga yalikuwa bado yanafuka, sufuria zimeshateremshwa. Mpishi mkuu, mwanamume mwenye aproni, alikuwa anakunywa maji.

"Mama, hizo si zilikuwa mbao chakavu?" alisema kabla hatujamwuliza kitu. "Zimeachana achana, zina misumari ya kutu. Nimewasaidia kusafisha."

Devota alichuchumaa akaingiza mkono kwenye majivu ya moto. Nilimvuta, hakuvutika. Akatoa msumari, akatoa mwingine. Akatoa kipande cha mbao kilichoungua pande zote, kifupi, akakitazama sana, akakigeuza.

"Huu ni ule mkono mfupi," akasema. Kisha akasema, "Au ni mrefu umeungua."

Mtu alimwita Judica, Judica akamwita Edna. Edna alikuja ameshika gauni juu kwa mikono miwili.

"Mama Mkubwa, pole. Pole sana. Nitawawekea mingine, mizuri, ya marumaru, yenye majina."

"Utaiweka wapi?" Devota akauliza.

Edna akatazama upande wa uwanja. Kapeti lilikuwa la kijani kutoka ukuta hadi barabara, wageni wanacheza juu yake.

"Dada yangu," Judica akasema kwa ile sauti yake, "waliokufa hawana haraka. Aliye hai ana siku moja. Usimlize mtoto, wanja utaharibika."

Na wakati huohuo spika ikaita. Mshereheshaji alikuwa ameagizwa jambo na Edna mwenyewe, nadhani kwa nia njema. "Sasa bibi harusi anamlisha keki mama aliyemlea! Mama mlezi yuko wapi? Mama Devota! Mleteni!"

Wakampeleka. Alisimama mbele ya watu, mikono imeungua, myeusi mpaka kwenye viwiko, kitenge kimejaa majivu. Watu wakadhani alikuwa anasaidia kupika. "Mama wa jikoni!" mmoja akapiga kelele, hema zima likacheka. Mshereheshaji akasema, "Keki tumlishe, mikono tusiishike!" Wakacheka zaidi. Edna akamwinulia kipande kwenye uma. Devota akamtazama, akafungua mdomo, akatafuna, akameza. Hakumwaibisha mtoto. Nilikaa pale nikimwangalia anavyomeza, na mpaka leo nikikaanga maandazi harufu ya sukari inanirudisha hapo.

Jioni magari yalipoondoka, akina mama wenyewe walilikunja kapeti. Chini yake ilikuwa ardhi nyekundu iliyoparuliwa, tambarare, imekanyagwa na ngoma. Kila mmoja alianza kusema wa kwangu alikuwa hapa. Wawili wakasimama mahali pamoja. Wakaanza kusukumana. Adela hakusukuma mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Devota.

"Nakudai," akasema.

Devota alikuwa amefungwa mikono kwa vitambaa. "Ni kweli."

"Nilikuambia. Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Ulitaka kuitwa mama na msomi. Haya, umeitwa. Mimi nitaitwa na nani?"

Romanus, aliyekubali kwa ajili ya rangi, alipitisha wiki akaja nyumbani kwa Devota na wazee wawili kuchukua ufunguo. Alisema watu wamesema. Devota aliivua kamba kupitia kichwani, akampa. Romanus akampa mjukuu wake, kijana mwenye pikipiki, ambaye Jumapili ya kwanza alichelewa kufungua.

Marumaru hayajaja. Edna alisema baada ya fungate, kisha akasema baada ya kuhamia nyumba mpya. Kilichokuja ni picha. Alimtumia Devota picha kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu, nikaibeba mimi mwenyewe. Ni ile ya kisigino. Edna amecheka, kichwa nyuma, mkono hewani.

Nilidhani Devota ataitupa. Aliipokea kwa mikono yake yenye makovu, akaiweka juu ya meza, akasogeza kibatari.

"Asumpta, wewe una macho mazuri. Kisigino kimezama wapi?"

"Hapa hapa."

"Pamezama kwa sababu ni udongo laini. Udongo laini ni wa Adela peke yake, wengine wote walikwisha shikana. Basi kama hapa ni kwa mtoto wa Adela, na wa Adela ndiye wa mwisho wa safu, mimi nitahesabu nirudi mpaka kwa Erasmus." Alikuwa anahema. "Sasa niangalizie. Hapa ni mbele ya dirisha lipi? Ngazi iko umbali gani?"

Niliiinamia picha. Edna alionekana mpaka jasho la juu ya mdomo. Lakini nyuma yake, pale palipotakiwa kuwa na kanisa, palikuwa na ukungu mwekundu tu. Hakuna dirisha. Hakuna ngazi. Kila kitu kisichokuwa Edna kilikuwa kimefifishwa. Nilimpigia Edna simu palepale, nikamwuliza kama kuna nyingine inayoonyesha kanisa.

"Mama, zote ziko hivyo," akasema. "Ndiyo mtindo. Nyuma inafutwa ili mhusika atokee."

"Na kanisa tulilozunguka kulitafuta?"

"Lipo, Mama. Si unaona ile rangi nyekundu? Inatoka vizuri na zambarau."

Sikumfasiria Devota. Alikuwa amesikia. Aliitundika picha ukutani, mbele ya kitanda, na nilipomwuliza kwa nini, alisema ndiyo picha pekee ya mahali alipo mtoto wake.

Siku ya Marehemu wote, mwezi wa Novemba, nilikwenda. Ni siku ambayo kila mama husafisha kituta cha mwanawe na kuwasha mshumaa. Ilikuwa jioni, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, majani yameanza kuchipua bila kuchagua mahali. Akina mama walikuwa wamekwisha gawana uwanja. Sijui waligawanaje, kwa nguvu au kwa kukubaliana, lakini kila mmoja alikuwa amepiga magoti mahali pake na mshumaa wake.

Devota alikuja na mshumaa mkononi. Alipita mbele ya safu pole pole. Kila alipokaribia, mama wa pale alitandaza kanga yake kidogo zaidi.

"Nafasi hakuna hapa," mmoja akasema.

"Nilidhani labda katikati ya wewe na huyo."

"Hapa katikati ni mguu wa wangu."

Akafika kwa Adela. Adela alikuwa mwishoni, mshumaa wake umeshawaka. Devota akainama kuomba moto. Adela akautazama mshumaa ule usiowashwa, akaukinga wa kwake kwa kiganja, kama mtu anayekinga upepo, na hakukuwa na upepo.

"Wa kwako ulimtoa mwenyewe," akasema. "Muulize huyo aliyekuita mama."

Nilikuwa na kiberiti. Nilimshika Devota kiwiko tukaondoka pale. Hakuelekea nyumbani. Alizunguka nyuma ya kanisa, mpaka pale palipokuwa jiko la harusi. Mafiga yalikuwa bado yamekaa, na kati yake majivu yamelowa mvua yakawa magumu kama udongo wa kufinyangia. Alichimba kishimo kwa kidole, akasimamisha mshumaa. Nikauwasha.

"Hapa angalau najua alipita," akasema.

Tulipiga magoti. Kule mbele walianza litania, sauti zikitufikia kwa juu ya paa. Majina ya watoto yalisomwa, na la Erasmus halikusomwa, nikamwona Devota akilitaja mwenyewe kimya kimya palipokuwa pake. Kisha kijana wa Romanus akagonga ringi kumaliza ibada. Aligonga haraka haraka, bila kuacha sauti itulie, kama mtu anayepasua kuni.

Devota alisikiliza mpaka mwisho.

"Anagonga vibaya," akasema.